Uko chini ya nani? Uanafunzi wa Kikristo na mipaka ya anayewalea wengine katika imani

Swali la "Uko chini ya nani?" limezoeleka Mwanza kiasi kwamba halimshangazi mtu tena. Utalisikia Buzuruga mama anapomkaribisha jirani mgeni, utalisikia ndani ya daladala ya Igoma vijana wawili wanapotambuana kwamba wote wameokoka, na mara nyingi jibu linalosubiriwa si jina la Kristo wala la kanisa, bali jina la mtu: mtumishi fulani, mama fulani wa maombi, baba fulani wa kiroho. Hivi karibuni, baada ya darasa la ubatizo ninalolifundisha Nyakato, binti mmoja anayeuza dagaa Mwaloni alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaniuliza kama ni dhambi kuhama kanisa bila ruhusa ya mlezi wake wa kiroho. Alikuwa ameambiwa kwamba akiondoka atakuwa ametoka chini ya kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho wa mlezi huyo, mtaji utakauka na mchumba hatapatikana.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na kwa kuwa jibu fupi halikutosha, naandika hili refu. Swali lake si la mtu mmoja. Mwaka 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Mwaka 2023 miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ya waumini walioelezwa kuwa walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Baada ya habari za namna hiyo, mazungumzo ya mitaani yamegawanyika pande mbili ambazo zote zinapotoka: wapo wanaosema kila anayejiita kiongozi wa kiroho ni tapeli, na wapo wanaozidi kumng'ang'ania kiongozi wao kana kwamba kumuuliza swali ni kumuasi Mungu. Pande hizi mbili zinakosea mahali pamoja, nako ni kutojua mwanafunzi ni nani na anayemlea anadaiwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotafsiriwa "mwanafunzi" katika Biblia zetu ni mathetes, yaani mtu anayejifunza kwa kuambatana na mwalimu wake. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini shule zimeibadilisha sura yake masikioni mwetu, kwa sababu tukisikia "mwanafunzi" tunaona sare, ubao, mtihani na cheti. Kiswahili kina neno jingine ambalo, kwa maoni yangu, liko karibu zaidi na jambo lenyewe, nalo ni mwanagenzi: mtu aliyekabidhiwa kwa fundi ili ajifunze kazi kwa kuifanya.

Nenda kwenye ufukwe wowote wa Ilemela ambako mitumbwi inaundwa, utaona ninachokisema. Nilikaa asubuhi moja juu ya gogo nikimtazama fundi na kijana wake wakiziba nyufa za mtumbwi mpya. Fundi hakuwa amempa kijana daftari. Kijana alikuwa na patasi butu, nyundo na furushi dogo la pamba; aliisokota pamba ikawa kama kamba nyembamba, akaishindilia katika mwanya ulio kati ya ubao na ubao, hatua kwa hatua. Alipomaliza kipande cha urefu wa mkono, fundi alikuja, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akasimama mahali pamoja, akaichomoa pamba yote bila kusema neno. Kisha alishindilia mwenyewe kipande kifupi, taratibu, huku kijana akitazama mkono wake na wala si uso wake, halafu akamrudishia nyundo.

Nilijifunza mambo mawili pale ambayo ubao wa shule haunionyeshi. La kwanza ni kwamba yule kijana hakuwa anakusanya maarifa kuhusu mitumbwi. Alikuwa anageuka kuwa muunda mitumbwi. La pili lina uzito zaidi: aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ule mshono hakuwa fundi, bali yalikuwa maji. Fundi angeweza kuusifu mshono mbovu kwa upendeleo, au kuukataa mshono mzuri kwa sababu ameamka vibaya, lakini siku mtumbwi unaposhushwa ziwani, mwalimu na mwanagenzi wote wawili wanahukumiwa na maji yaleyale.

Ndivyo Injili inavyoupanga uanafunzi. Katika Mathayo 23:8 Yesu anawakataza wafuasi wake wasiitwe Rabi, kwa sababu mwalimu wao ni mmoja nao wote ni ndugu. Haina maana kwamba kanisa halina waalimu, kwani Agano Jipya lenyewe linawataja mara nyingi. Maana yake ni kwamba mchungaji, padri, katekista, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa jumuiya si mafundi wakuu. Wao ni wanagenzi waliotangulia, walioshika patasi miaka mingi kuliko sisi, na ambao mishono yao nayo itapimwa na maji.

Hapo ndipo dhana ya kwanza potofu inapoanguka, ile inayosema kwamba Wakristo ni wa madaraja mawili, wa kawaida wanaokwenda ibadani na wachache walioitwa kuwa wanafunzi. Matendo ya Mitume 11:26 inaeleza kuwa wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia. Jina la mwanafunzi ndilo lililotangulia, na jina la Mkristo likaja baadaye kuwataja watu walewale. Aliyebatizwa akiwa mchanga Bukumbi na aliyebatizwa akiwa mtu mzima ziwani Kayenze wote ni wanagenzi, wapende wasipende, na wanachotofautiana ni kama wameishika nyundo au wameiacha chini.

Wajibu wa mwanafunzi hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa ugumu wake hauko katika kuuelewa. Anajifunza, na katika Mathayo 28 agizo ni kufundishwa "kuyashika" aliyoyaamuru Kristo, neno lililo zito kuliko kuyajua tu. Anakaa na wenzake, maana hakuna mshono wa ubao mmoja. Anahesabu gharama kabla ya kuanza, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14, au kama mvuvi anayepiga hesabu ya petroli ya kwenda na ya kurudi kabla hajaiacha gati. Tena anapima anachofundishwa: watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyohubiri Paulo ni kweli. Jambo hili la mwisho husahaulika upesi mno. Waliosifiwa ni watu waliomkagua mtume.

Wajibu wa anayelea ndio wenye utata, na ndio unaofaa tuukawilie. Kila mtu wa kandokando ya ziwa anajua kwamba dagaa hawavuliwi vizuri wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwakusanya samaki pale ziwa zima linapong'aa. Siku hizo mitumbwi hupumzishwa na watu hukaa ufukweni wakishona nyavu. Mgeni akipita anaweza kudhani wamestarehe, kumbe hiyo ni nusu ya kazi ya uvuvi. Marko 1:19 inasema Yesu aliwakuta Yakobo na Yohana chomboni wakizitengeneza nyavu zao, na kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo kina shina moja na neno ambalo Paulo analitumia katika Waefeso 4:12 anaposema kwamba wachungaji na waalimu wametolewa kwa ajili ya kuwakamilisha watakatifu ili kazi ya huduma itendeke. Kuwakamilisha ni kuwashona palipochanika, wakafae kwa kazi.

Picha hiyo inatueleza mengi kuhusu kuwaongoza wengine katika imani. Mshona nyavu haumbi wavu mpya kwa sura yake, anafuata macho ya wavu uliopo. Anashika kila jicho kwa vidole, kwa hiyo hawezi kushona nyavu elfu moja kwa kipaza sauti. Na akimaliza, wavu hauwi mali ya sindano; unarudi majini. Tunapopigia hesabu watu waliojitokeza mbele ya jukwaa kwenye viwanja vya Furahisha, ni vizuri kufurahi, lakini tukiishia hapo tumefanana na mwenye kokoro, ambalo huburuta kila kitu mpaka ufukweni pamoja na vifaranga na kuharibu mazalia, na ambalo limekatazwa kwa sababu hiyohiyo. Sisemi mikutano ya injili ni mibaya. Nasema uchache wa watu walio tayari kukaa chini na kushona, usiku ambao hakuna mavuno ya kuonyesha, ndio unaotuachia nyavu zilizochanika zinazookotwa na yeyote anayepita.

Je, mlezi ana mamlaka yoyote? Anayo, na ni kosa kujifanya hana. Waebrania 13:17 inawaambia waumini wawatii wanaowaongoza, na mstari huu hunukuliwa mara nyingi katika semina za uongozi, lakini husomwa nusu. Nusu ya pili inatoa sababu: viongozi hao wanakesha kwa ajili ya roho za watu kama watakaotoa hesabu. Utii uliotajwa pale umefungwa kwenye ukeshaji na kwenye hesabu, mithili ya abiria wa kivuko cha Kamanga anayetii anapoambiwa ahamie upande wa pili. Anatii kwa sababu nahodha anaijua kazi yake, wote wamo chombo kimoja, na likitokea la kutokea nahodha huyo ataulizwa. Lakini agizo la nahodha linahusu safari. Halimpi ruhusa ya kuamua abiria ataoa nani akifika Sengerema.

Hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimlea kijana mmoja tangu alipoanza darasa hadi alipobatizwa, na alikuwa na tabia nzuri ya kuuliza, nami nikawa na tabia mbaya ya kujibu kila kitu. Siku moja alinipigia akitaka kujua kama akubali kazi ya udereva Geita. Nilimwambia asiende. Sikuwa na hoja yoyote ya imani. Nilikuwa nimemzoea tu, na kwaya yetu ilimhitaji. Alitii. Mwaka mzima baadaye alikaa bila kazi ya maana, hakunilaumu hata mara moja, na kutonilaumu kwake ndiko kulikonishtua, kwa sababu kulionyesha kwamba nilimfundisha kunitii mimi bila kumfundisha kupima jambo mbele za Mungu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye na wenzake hawatawali imani yao, bali ni wasaidizi wa furaha yao. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi pasipo kudhani kuwa unanihusu.

Tangu wakati huo nimejiwekea mpaka kati ya ushauri na amri. Mlezi anaweza kusema kwa uthabiti kwamba wizi ni dhambi, kwamba kumpiga mke ni dhambi, kwamba mizani ya dagaa iliyochezewa ni dhambi, maana hayo yamekwisha kusemwa na Mwalimu aliye mmoja. Katika mambo ya kazi, makazi, mchumba na biashara, mlezi ana ushauri, na ushauri hukataliwa bila mtu kutengwa. Kuhusu fedha, Petro anawaonya wazee wasilichunge kundi kwa kutaka fedha ya aibu. Sadaka inayotolewa kwa kanisa, ikaandikwa na kusomwa mbele ya watu, si sawa na bahasha inayodaiwa faraghani ili mtu aombewe. Kuhusu maradhi, katika Wakolosai Luka anatajwa kama tabibu mpendwa, wala hakuna mahali ambapo mtume anamtaka mgonjwa aache dawa ili kuthibitisha imani, kwa hiyo yeyote anayemwambia mgonjwa wa kisukari au mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi azitupe amevuka mpaka, hata kama maombi yake yanatikisa mabati. Siri aliyoambiwa mlezi haigeuki mfano wa mahubiri Jumapili. Na anayelea watoto au vijana hufanya hivyo mahali panapoonekana na wengine. Wito wa kuombewa peke yako, usiku, nyumbani kwa mtumishi, hauhitaji ufunuo ili kukataliwa.

Wapo watakaonijibu kwa Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu, kana kwamba kiongozi haulizwi. Ni dhana potofu inayotembea sana, na dawa yake ni kuisoma zaburi yenyewe. Inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakizunguka taifa hata taifa, na jinsi Mungu alivyowakemea wafalme kwa ajili yao. Waliokatazwa ni wafalme wenye nguvu, wasiwadhuru wasafiri wasio na ulinzi. Kuugeuza mstari huo uwe ngao ya mwenye nguvu dhidi ya swali la mnyonge ni kuupindua juu chini. Isitoshe, Daudi alikuwa mpakwa mafuta kweli, na nabii Nathani akamwambia usoni kwamba mtu yule mwovu ni wewe. Petro alikuwa mtume, na katika Wagalatia 2 Paulo anasema alishindana naye uso kwa uso. Kumuuliza kiongozi kwa heshima ni sehemu ya wajibu wa mwanafunzi, na kuulizwa ni sehemu ya kutoa hesabu.

Kwa anayetaka kuona mlezi anayejiondoa bila kuwaacha watu wake watupu, historia iko hapahapa, kwenye ghuba ya Mwanza. Wamisionari wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika waliovuka ziwa kwenda Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, mwaka 1879 walikuwa chini ya shirika lililotaka mtu afundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, ingawa Wakristo wa kwanza wa Buganda walibatizwa kabla ya muda huo kutimia. Mwaka 1882 hali ya Buganda ilipowawia ngumu, walivuka kurudi kusini mwa ziwa, na mwaka uliofuata wakaanzisha misheni ya Bukumbi, wilayani Misungwi kwa mipaka ya leo. Waliwaacha nyuma Wakristo wachache, wengi wao wapya, bila padri hata mmoja, mpaka mwaka 1885.

Kwa hesabu ya kifuniko, imani ile ilipaswa kufa. Lakini walei, waumini wasio mapadri, kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Matiasi Kalemba na Andrea Kaggwa walifundisha, wakatunza wagonjwa, wakakusanya watu kusali, na mapadri waliporudi kutoka Bukumbi walikuta kundi kubwa kuliko waliloliacha. Novemba 1885 Mukasa aliuawa baada ya kumkemea Kabaka (mfalme) Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana. Mlezi huyu, mhudumu wa ikulu, alitafsiri uaminifu kuwa ni kumwambia mkubwa ukweli, na kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwa wa kanisa lake. Karoli Lwanga, aliyebatizwa mwezi huohuo, alichukua nafasi yake ya kuwalea vijana wa ikulu. Usiku mmoja wa Mei 1886, walipojua kwamba kifo kinakuja, Lwanga aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni, yaani waliokuwa bado wanajiandaa kubatizwa, akiwamo Kizito, mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni waliteketezwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Tazama mpangilio wa watu hao. Mapadri wako Bukumbi, ng'ambo ya maji, Mukasa anafundisha, Mukasa anauawa, Lwanga anashika, Lwanga anawabatiza wengine usiku. Ni mnyororo uleule wa 2 Timotheo 2:2, ambapo ndani ya sentensi moja mna vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na hao wengine watakaofundishwa. Mafundisho waliyopewa hayakuwatengeneza wawe watu wa padri fulani. Kama yangewatengeneza hivyo, mtumbwi wa mwisho wa wamisionari ungeondoka na imani yote ndani yake.

Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele mwaka 1976, walikuwa wanairudisha hali hiyo katika mitaa yetu: nyumba chache, Biblia, mwenyekiti anayejulikana anapoishi na anavyolipa madeni yake. Makanisa ya Kiprotestanti yana mitaa, zoni na vikundi vya nyumbani vya namna hiyo. Nimeona jumuiya zilizogeuka vikao vya michango tu, na sitazitetea, lakini udogo wenyewe una faida ambayo jukwaa halina: ni vigumu kujifanya nabii mbele ya jirani anayekuona unavyogombea foleni ya maji.

Nirudi kwa binti wa Mwaloni. Nilimwambia kwamba kuhama kanisa si dhambi, na kwamba kuondoka kwa kutoroka si vizuri pia, ikiwa hakuna hatari kwake. Nikamshauri aende na shangazi yake, mchana, amshukuru mlezi wake kwa alichomfundisha, aeleze kwa nini anaondoka, aombe barua ya utambulisho kama inavyofanyika kanisa na kanisa, na akinyimwa asiipiganie. Alikwenda Jumamosi. Mlezi wake alinyamaza kitambo, akaingia ndani, akarudi na karatasi yenye mhuri iliyoandikwa mistari mitatu, akawaomba wakae wanywe chai. Karatasi hiyo iko kwenye jalada la darasa letu, na ina harufu ya dagaa mpaka leo.